Je, Redio ya Mchezo Yasema Uwongo?

Katika mji wa Kisangani, kama katika miji mingi ya Afrika siku hizi, viko vyumba vidogo ambamo vijana hulipa fedha kidogo ili wacheze michezo ya video. Ndani mna televisheni na mashine ya mchezo. Nje jenereta inanguruma. Kijana wa kijijini aliyeshuka mtoni na mtumbwi wa makala, au aliyeleta mihogo sokoni kwa baiskeli, hupita mlangoni, husikia kelele, na mara nyingi huingia kutazama.

Humo aweza kuona mchezo uitwao Grand Theft Auto. Mchezaji huongoza mtu wa sanamu katika mji usiokuwapo duniani. Mtu huyo akiingia katika gari, redio ya gari huanza kusema. Stesheni nyingine hupiga muziki. Nyingine ni za mazungumzo tu. Katika mchezo uliotoka mwaka 2001 ilikuwamo stesheni ya mazungumzo iliyoitwa Chatterbox FM. Katika ule wa mwaka 2004, uitwao San Andreas, ikawamo nyingine iliyoitwa WCTR. Mtangazaji husema, watu hupiga simu kulalamika na kubishana, wataalamu hutoa mashauri, matangazo ya biashara husifu bidhaa. Lakini watu hao wapigao simu ni waigizaji. Wataalamu hao si wataalamu. Bidhaa zile haziuzwi dukani popote. Maneno yote yaliandikwa na watungaji, yakasomwa mbele ya mikrofoni, yakatiwa katika mchezo.

Hapo mkatekumeni aliyejifunza Amri ya Nane aweza kujiuliza swali lililo zuri: Je, redio hiyo yasema uwongo? Na yeye aisikilizaye, je, ashiriki katika uwongo?

Watu wawili hujibu upesi, na wote wawili hukosea. Wa kwanza husema: “Mambo hayo si ya kweli, basi ni uwongo, nao uwongo ni dhambi.” Wa pili husema: “Ni mchezo tu, na katika mchezo hakuna dhambi.” Yafaa kuyapima maneno yao polepole, kwa sababu katika nchi hizi neno la redio limekwisha kuwaponya watu, na limekwisha kuwaua.

UWONGO NI NINI?

Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliandika kitabu kizima juu ya uwongo, miaka zaidi ya 1600 iliyopita. Alifundisha kwamba ubaya wa uwongo umo hasa moyoni mwa msemaji. Mtu asemaye jambo lisilo kweli huku akilidhani kuwa kweli, huyo amekosea, lakini hakusema uwongo. Mwongo ni yule aliye na jambo moja moyoni na jingine mdomoni, naye ataka kumdanganya mwenzake. Kwa sababu hiyo Augustino hakuhesabu mzaha pamoja na uwongo. Maana sauti na hali ya mwenye kutania huonyesha wazi kwamba hataki kumdanganya mtu.

Baadaye Mtakatifu Tomaso wa Akwino aligawanya uwongo katika sehemu tatu: ule wa kuchekesha, ule wa kumfaa mtu, na ule wa kumdhuru. Alikuwa mkali kuliko Augustino juu ya ule wa kuchekesha, akasema hata huo una kasoro, ingawa ni nyepesi. Lakini hata yeye alifundisha kwamba si kila kujifanya ni uwongo. Alikumbusha habari ya njia ya Emau, pale Bwana wetu alipofanya kama anataka kuendelea mbele, ili wanafunzi wawili wamsihi akae nao. Tendo lile halikuwa la kudanganya; lilikuwa na maana, nalo liliwafikisha kwenye kweli.

Maandiko Matakatifu yenyewe yana hadithi za kutungwa. Nabii Natani alipotaka kumwonyesha Mfalme Daudi dhambi yake, alimsimulia habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake wa pekee. Daudi akawaka hasira juu ya tajiri yule, kisha akatambua kwamba tajiri ni yeye mwenyewe. Yesu naye alifundisha watu kwa mifano: Msamaria mwema, mwana mpotevu, mpanzi na mbegu. Hakuna aliyemwuliza jina la yule Msamaria wala mahali pa nyumba yake. Wasikilizaji walijua kwamba ni mfano, nao mfano uliwaingia moyoni kuliko amri tupu.

Basi, yule mtu wa kwanza amejibiwa. Si kila neno lisilotokea ni uwongo. Hadithi yaweza kuwa chombo cha kuchukulia ukweli, kama kibuyu kinavyochukua maji, ingawa kibuyu si maji.

MLANGO WA HADITHI

Lakini ni kitu gani kinachotenga hadithi na uwongo? Wazee walikijua tangu zamani. Kati ya watu wasemao Kiswahili, mwenye kusimulia hadithi usiku husema kwanza, “Paukwa!” na wote huitika, “Pakawa!” Maneno hayo mawili ni kama mlango. Mwenye kusema amekwisha kuonya kwamba anaingia katika hadithi, na mwenye kusikia amekwisha kukubali kuingia pamoja naye. Hadithi ikiisha, wote hutoka kwa mlango ule ule, hakuna aliyedanganywa. Kesho yake hakuna atakayekwenda kumdai sungura deni lake.

Tena Walokele, wakaao kando ya Mto Kongo chini ya Kisangani, walikuwa na ngoma ya mti isemayo, iitwayo lokole kwa Kilingala. Kwa ngoma hiyo walipelekeana habari za kuzaliwa, za kufa, za kuwinda na za kufika kwa wageni. Ngoma haiwezi kutamka herufi. Yatoa tu sauti ya juu na sauti ya chini. Maneno mengi yana mwendo mmoja wa sauti, na msikilizaji angeweza kuchukua hili badala ya lile. Kwa hiyo mpiga ngoma hakupiga neno moja fupi peke yake. Aliliongezea maneno mengine yaliyokwisha kujulikana na wote, mpaka maana ikawa moja tu. John Carrington, mmisionari wa Kiprotestanti aliyekaa Yakusu, aliyaeleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1949. Mpiga ngoma yule alikubali kazi ndefu, mradi mtu aliye mbali, asiyemwona, asielewe vibaya. Hiyo ndiyo haki ya msikilizaji, nayo ilikuwapo hapa mtoni kabla redio ya kwanza haijafika.

Kwa kipimo hicho, redio ya mchezo wa video haisemi uwongo. Mchezaji mwenyewe ndiye aliyewasha mashine. Ameona jina la mchezo, ameshika kidude cha kuuongozea, ajua kwamba gari lile halina petroli na mji ule hauna wakazi. Amepita mlangoni kwa hiari yake. Tena watungaji hawakuficha nia yao: walitaka kuwadhihaki watangazaji wenye majivuno, wafanya biashara wenye kuahidi makubwa, na watu wasemao sana juu ya mambo wasiyoyajua. Mwenye busara akisikia mtu wa namna hiyo akichekwa, aweza kujiangalia asije akafanana naye.

MLANGO UKIONDOLEWA

Hata hivyo mlango waweza kuondolewa, na hapo hadithi ile ile hugeuka kuwa hatari.

Tarehe 30 Oktoba 1938, huko New York katika Marekani, Orson Welles na wenzake waliigiza katika redio hadithi ya viumbe waliotoka katika sayari iitwayo Mars kuja kuipiga dunia. Waliitunga kama habari za dharura zinazokatiza muziki. Mwanzoni ilitangazwa kwamba ni mchezo. Lakini wengine walifungua redio kwa kuchelewa, wasisikie onyo hilo, wakaogopa. Magazeti ya siku zilizofuata nayo yaliikuza hofu hiyo kupita kiasi, yakaongeza chumvi juu ya chumvi.

Jambo zito zaidi lilitukia katika mji wa Quito, nchini Ecuador, tarehe 12 Februari 1949. Redio ya mji iliigiza hadithi hiyo hiyo. Waigizaji waliiga hata sauti za wakubwa wa serikali, na watu hawakuonywa ipasavyo. Wengi walikimbilia njiani kwa hofu. Walipoambiwa kwamba ni mchezo, hofu yao iligeuka kuwa hasira. Wakaichoma moto nyumba ya redio, na watu kadhaa wakafa. Hapo hakuna aliyetaka kuua. Lakini wale waigizaji walikuwa wamewanyima wasikilizaji haki yao, yaani kujua kwamba wanasikia hadithi.

Mambo ya namna hiyo hayakuisha na redio za zamani. Katika mwaka 2022, wakati wa vita vya Ukraine, picha za mchezo wa video uitwao Arma 3 zilienezwa katika simu na hata katika televisheni kadhaa kana kwamba ni picha za vita vya kweli. Kampuni iliyoutengeneza mchezo huo, Bohemia Interactive, ilibidi iwaeleze watu hadharani namna ya kuzitambua picha hizo. Mchezo haukubadilika hata kidogo. Aliyeutoa nje ya mlango wake na kuuita habari, huyo ndiye aliyesema uwongo.

REDIO ILIYOCHEKESHA NA KUUA

Sasa na ajibiwe yule mtu wa pili, asemaye kwamba katika mchezo na mzaha hakuna neno.

Katika nchi jirani ya Rwanda, mwaka 1993, ilianza redio iliyoitwa RTLM. Haikuwa redio ya kuigiza. Ilikuwa na watangazaji wa kweli, na watu wa kweli walipewa nafasi ya kusema. Iliwavuta vijana kwa muziki mzuri, kwa utani, na kwa mazungumzo ya kuchekesha. Pamoja na kicheko hicho iliwaita Watutsi mende. Mzaha mzaha hutumbua usaha: mauaji yalipoanza mwezi wa Aprili 1994, redio hiyo hiyo ilitangaza majina ya watu na mahali walipo, na watu hao wakatafutwa, wakauawa. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha, Tanzania, ilitoa hukumu mwaka 2003, ikamkuta Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa redio hiyo, kuwa na hatia. Mtangazaji wake mmoja, Georges Ruggiu, Mbelgiji, alikuwa amekwisha kukiri kosa lake mbele ya mahakama hiyo mwaka 2000.

Mji wa Kisangani nao umeonja uchungu wa redio mbaya. Mwaka 1964, ulipokuwa bado ukiitwa Stanleyville na kushikwa na Wasimba, redio yake ilitangaza vitisho juu ya uhai wa wageni waliozuiliwa humo.

Lakini tazama jambo hili. Katika nchi ile ile ya Rwanda, mwaka 2004, redio ilianza kutoa mchezo wa kuigiza uitwao Musekeweya. Mchezo huo wasimulia vijiji viwili, Bumanzi na Muhumuro, vinavyogombana. Wako wanaochochea chuki, na wako wanaokataa kuchochewa. Vijiji hivyo havipo katika ramani. Wakazi wake ni sauti za waigizaji. Hata hivyo watu waliofiwa na watu waliofungwa walisikiliza wakajitambua humo, kama Daudi alivyojitambua katika hadithi ya mwana-kondoo. Shirika la La Benevolencija, lililoutengeneza mchezo huo, lilitengeneza pia mchezo wa Kiswahili uitwao Kumbuka Kesho kwa wasikilizaji wa mashariki ya Kongo.

Basi, redio ya watu wa kweli ilitangaza uwongo uliowaua wengi. Na redio ya watu wa kutungwa ikatangaza ukweli unaoponya. Kwa hiyo haitoshi kuuliza, “Je, jambo hili lilitokea?” Yapasa kuuliza pia, “Msemaji anataka niamini nini, na nikiamini, nitamtendea jirani yangu nini?”

WAJIBU WA MSIKILIZAJI

Yako mambo matatu ampasayo Mkristo asikilizaye sauti za kutungwa, iwe katika mchezo wa video, iwe katika redio, iwe katika simu.

Kwanza, ajue kwamba jambo lisilo uwongo laweza kuwa baya kwa sababu nyingine. Amri ya Nane si amri peke yake. Michezo ya Grand Theft Auto imejaa wizi, mauaji na maneno machafu. Katika Ulaya imeandikwa kuwa ya watu waliotimiza miaka 18. Si haki kumwacha mtoto wa miaka 10 akae mbele yake kutwa, kwa kusema kwamba hakuna uwongo ndani yake. Tena utani wa redio ile ni wa Kiingereza. Kijana asiyekijua Kiingereza hasikii dhihaka. Aona tu gari linaloibiwa na mtu anayepigwa risasi. Yule anayechekwa kwa ubaya wake, kijana amwona kuwa shujaa. Kwa mtu huyo nusu ya mlango imefungwa, na wazazi wake yawapasa kujua hivyo.

Pili, asiwe mvivu wa kutafuta ukweli. Akili ya kuambiwa, changanya na ya kwako. Siku hizi ziko mashine zinazoweza kuiga sauti ya mtu yeyote: ya mkubwa wa serikali, ya askofu, hata ya mzazi. Sauti hufika katika simu bila Paukwa, bila jina la aliyeituma kwanza. Mkristo akisikia habari ya kutisha, na atulie kwanza. Na asikilize kama redio nyingine inayoaminika imesema hivyo. Redio Okapi, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 2002 ili kuwapa Wakongo habari zilizopimwa, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake. Au amwulize mtu aliyekuwapo mahali pale. Kuamini upesi mabaya ya jirani bila ushahidi ni kosa, hata kama ulimi haujasema neno.

Tatu, na hili ndilo kubwa, asilipeleke mbele neno asilolijua. Watu wengi hujitetea hivi: “Si mimi niliyelitunga, nimelipeleka kama nilivyolipokea.” Utetezi huo hautoshi. Mwenye kuubeba moto uliowashwa na mwingine, akautia katika nyasi kavu, hawezi kusema kwamba hakuwasha kiberiti. Katika mwaka 2023, ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola, upande wa Lubunga ng'ambo ya mto, ulimwaga damu. Nyumba zilichomwa, na watu wengi walikimbilia Kisangani. Wakati kama huo mioyo ni nyasi kavu. Neno moja lisilo na mwenyewe, likisemwa kwa kicheko au kwa hofu, laweza kufanya kazi ya panga. Kitabu cha Methali chamlinganisha na mwenda wazimu arushaye moto na mishale yule anayemdanganya jirani yake, kisha anasema kwamba alikuwa akitania tu.

Kwa hiyo kijana atokaye katika chumba cha mchezo na aache humo mambo ya humo. Akipanda mtumbwi kurudi kijijini, na awasimulie wenzake mchezo kama mchezo, na habari kama habari, asichanganye. Mkatekumeni anajitayarisha kupokea ubatizo wa yule aliyejiita Njia, Ukweli na Uzima. Mtu wa namna hiyo huanza mapema kuizoeza midomo yake.

MASWALI YA KUKUMBUKA

Uwongo ni nini?
Ni kusema kinyume cha ukweli kwa nia ya kumdanganya mtu.

Je, hadithi na michezo ya kuigiza ni uwongo?
La, ikiwa msemaji na msikilizaji wote wajua kwamba ni hadithi.

Hugeuka kuwa uwongo lini?
Mtu anapoiondoa alama yake na kuitoa kama habari ya kweli.

Je, mzaha waweza kuwa dhambi kubwa?
Ndiyo, ukimfanya jirani achukiwe, adharauliwe au auawe.

Aliyepeleka uwongo wa mwingine, ana kosa?
Ndiyo, ikiwa alijua kuwa ni uwongo, au aliweza kuuliza, naye hakutaka kuuliza.